Ada ya Chama Inalipia Nini? Hotuba kwa Wanaohamia Jimbo Jingine

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni.

Nimefurahi kurudi Minneapolis. Nimeitwa kuzungumzia ada ya chama cha wamiliki wa nyumba, ile ambayo hapa Marekani wote tunaiita HOA. Nimeambiwa humu ukumbini zipo familia sita zinazofunga mizigo kabla shule hazijafunguliwa. Wengine mnakwenda Texas, wengine Florida, na yupo mama mmoja anayemfuata mwanawe Nevada. Tangu niingie, watu wanne wamenivuta pembeni na wote wameniuliza jambo moja: "Dada, huko ada ni kiasi gani?"

Swali hilo ndilo nililouliza mimi nilipohama, nikapewa jibu la kweli kabisa, na jibu hilo likanipoteza. Jioni hii nataka mtoke hapa na swali jingine: ada hiyo inalipia nini, na kipi haikilipii?

Mwaka 2024 Ofisi ya Sensa ilihesabu kaya zipatazo milioni 21.6 za wenye nyumba wanaolipa ada ya namna hii. Kiwango cha katikati kilikuwa dola 135 kwa mwezi, maana yake nusu ya kaya hizo zinalipa zaidi ya hapo na nusu zinalipa pungufu. Lakini robo hivi wanalipa chini ya dola 50, na kaya kama milioni 3 zinalipa zaidi ya dola 500. Huyu wa 50 analipia maua ya kwenye geti na taa za njiani. Yule wa 500 huenda analipia paa, lifti, maji, mlinzi na bima ya jengo zima. Ukiwaweka kwenye mizani moja useme mmoja ananyonywa na mwingine kapata nafuu, umelinganisha kikombe na pipa.

Nilipokuwa naishi hapa Minnesota tulikuwa na nyumba ya safu, zile zinazoshikana kuta. Ada ilikuwa dola 310 kwa mwezi, na kila mwezi nilinung'unika. Sikuwa nahesabu kwamba theluji inazolewa kabla sijaamka, kwamba paa na kuta za nje si zangu kuzitengeneza, kwamba takataka zinachukuliwa, na kwamba jengo lenyewe limekatiwa bima na chama. Bima yangu mimi ilikuwa ya mambo ya ndani tu, na ilikuwa ndogo.

Tukahamia nje kidogo ya Houston. Ada: dola 780 kwa mwaka. Kwa mwaka, jamani! Nikapiga hesabu nikaona ni dola 65 kwa mwezi, nikamwambia mume wangu tumeokoa karibu dola 250 kila mwezi, hizo tutamsomeshea mtoto. Hazikumsomesha mtoto. Nyumba ya kusimama peke yake ina paa lako, kuta zako, uzio wako, na bima yote iko shingoni mwako, katika eneo la vimbunga na mvua ya mawe. Maji na takataka vikawa na bili zake. Halafu ikaja hati ya kodi ya nyumba, ile kodi ya serikali na si ya pango, na ndani yake mna mstari ambao sikuwahi kuuona Minnesota: wilaya ya huduma za maji, ambayo watu wa Texas huiita MUD. Mstari huo peke yake ulizidi dola 2,000 kwa mwaka.

Tuelewane hapa, kwa sababu wanaokwenda Texas mtakutana nayo. Mtaa mpya unapojengwa nje ya mji, hakuna bomba la maji wala mfereji wa majitaka. Inaundwa wilaya maalumu, inakopa fedha kwa hati fungani, inajenga, na wenye nyumba wanalirejesha deni hilo miaka nenda rudi kupitia kodi. Si HOA, na wala haiandikwi kwenye tangazo la nyumba pale penye neno ada. Florida wana jamaa yake, wilaya ya maendeleo ya jamii, inayojulikana kama CDD, chini ya sheria ya mwaka 1980. California wana Mello-Roos, chini ya sheria ya mwaka 1982. Majina yanatofautiana, ila pochi inayotolewa fedha ni ileile. Sheria ya Texas inamtaka muuzaji akupe taarifa ya wilaya hiyo kabla ya mkataba, na mimi nilipewa. Ilikuwa katikati ya lundo la karatasi, nikaisaini bila kuisoma. Kwa hiyo simlaumu aliyeniuzia, ila ninyi nawaomba mwulize kwa mdomo, na jibu mlidai kwa maandishi: "Ukiacha ada ya chama, hati ya kodi ya nyumba hii ina mistari gani, na kila mstari ni dola ngapi?" Hati ya mwaka uliopita huwa inapatikana katika ofisi ya kodi ya kaunti, mara nyingi hata kwenye mtandao. Ni kazi ya dakika kumi.

Wanaokwenda New York nao wana la kwao. Kule kuna majengo ya ushirika, ambapo hununui nyumba yenyewe bali unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo, kisha unapewa haki ya kukaa humo. Ada ya kila mwezi inaogopesha ukiiona. Lakini ndani yake kwa kawaida imo kodi ya jengo, na mara nyingi imo rehani ya jengo lenyewe. Mtu anayetoka Minnesota akiiona atakimbia bila kujua kwamba kodi ambayo angeilipa pembeni imeshaingizwa humo.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo linaninyima usingizi tangu nilipochaguliwa mweka hazina wa chama chetu mwaka 2019. Ni mfuko wa akiba.

Wengi wetu tumekaa kwenye vikoba, au tuna mama na shangazi waliokaa. Tunajua kwamba daftari la kikoba halisomwi kwa kutazama mchango wa wiki tu. Unatazama sanduku lina nini na nani anadaiwa. Chama cha wamiliki ni hivyohivyo. Ada inagawanyika mafungu mawili. Fungu moja ni la matumizi ya mwaka huu: nyasi, umeme, meneja, bima. Fungu la pili linawekwa kwa ajili ya vitu vinavyochakaa polepole na siku moja vitadai fedha nyingi kwa mkupuo: paa, lami, mabomba, lifti, bwawa la kuogelea. Chama kikitaka ada ionekane ndogo, fungu la pili ndilo huwa la kwanza kukatwa. Hakuna anayeona tofauti mwaka wa kwanza, wala wa tano. Paa linaendelea kuzeeka kimyakimya.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni 2021, mjini Surfside, Florida, sehemu kubwa ya jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Sitaki kulitumia jambo hili kuwatisha, na sisemi kwamba fedha ndizo zilizoliangusha jengo. Uchunguzi wa chanzo ni kazi ya wahandisi. Nasema yale yaliyokuwa kwenye vitabu vya chama. Mhandisi alikuwa ameandika juu ya uharibifu wa zege mwaka 2018. Kazi iliyohitajika ilifika kiasi cha dola milioni 15, na akiba ya chama haikufika milioni 1. Mwezi Aprili 2021 bodi ikapitisha tozo maalumu, yaani mchango wa ziada juu ya ada, na wenye nyumba wakaambiwa walipe kuanzia dola 80,000 hivi hadi zaidi ya dola 300,000, kwa kadiri ya ukubwa wa nyumba. Malipo yalikuwa yaanze tarehe 1 Julai. Zilibaki siku saba.

Kwa miaka mingi sheria ya Florida iliwaruhusu wenye nyumba wa majengo ya namna hii, yaitwayo kondo, ambamo kila mmoja anamiliki nyumba yake ndani ya jengo moja, kupiga kura kila mwaka waache kuweka akiba kamili. Na watu walipiga kura hiyo, si kwa ubaya. Mzee aliyestaafu na kipato kisichopanda atapigia kura ada ndogo, nani atamlaumu? Baada ya Surfside, mwaka 2022, Bunge la jimbo likabadilisha mambo. Majengo ya kondo ya ghorofa tatu na kuendelea yanatakiwa kukaguliwa yakifika miaka 30, au 25 kwa yaliyo karibu na bahari endapo mamlaka ya eneo itaamua hivyo. Akiba ya vitu vinavyobeba uhai wa jengo haiwezi tena kufutwa kwa kura katika bajeti zilizopitishwa kuanzia tarehe 31 Desemba 2024. Mwaka 2025 masharti yakalegezwa kidogo, vyama vikaruhusiwa kutumia mikopo kujaza pengo. Ndiyo maana mnasikia ada za Florida zimeruka. Miaka thelathini ya akiba isiyowekwa inadaiwa kwa pamoja, na anayedaiwa ni yule mwenye ufunguo leo, hata kama kaupokea wiki iliyopita.

Kwa hiyo wewe unayekwenda Florida, ukiona kondo ya mwaka 1985 yenye bei ya kuvutia na ada ndogo, shika moyo kwanza. Omba ripoti ya ukaguzi wa jengo. Omba tathmini ya akiba, yaani ile hesabu inayosema kila kitu kina umri gani, kimebakiza miaka mingapi, na kukibadilisha ni shilingi ngapi — samahani, dola ngapi. Ndani yake kuna asilimia inayoonyesha akiba iliyopo ukilinganisha na inayotakiwa kuwapo. Watu wa fani hii huona asilimia 70 na zaidi kuwa ni afya njema, na chini ya 30 ni hatari ya tozo maalumu. Chama kinachokosa tathmini yoyote kimekujibu tayari.

California wana kinga ambayo naipenda. Bodi haiwezi kupandisha ada ya kawaida kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, wala kutoza tozo maalumu inayozidi asilimia 5 ya matumizi ya bajeti, bila kura ya wanachama, isipokuwa kwa dharura zilizotajwa na sheria. Majimbo mengi hayana kikomo cha sheria ya namna hiyo, kwa hiyo ukomo wako, kama upo, umo katika hati za chama chenyewe. Zisome. Ukihama jimbo, ulinzi uliouzoea haukufuati.

Bima nayo inataka subira kidogo, maana hapa watu wa Minnesota tumeumia. Chama kinapokata bima ya majengo yote, kuna sehemu ya hasara ambayo chama kinajibebea kabla kampuni ya bima haijatoa senti. Zamani kilikuwa kiasi kilichotajwa. Siku hizi, kwa upepo na mvua ya mawe, kampuni nyingi zinaweka asilimia ya thamani ya majengo. Pigeni hesabu nami: majengo yana thamani ya dola milioni 20, asilimia ni 5, basi milioni 1 ya kwanza ni ya chama. Nyumba zikiwa 80, kila mlango ni dola 12,500, kwa dhoruba moja. Katika bima yako ya ndani kuna kipengele cha kulipia tozo za namna hii. Mara nyingi kinakuja na kiwango kidogo mno, na wakati mwingine kina kikomo chake maalumu tozo inapotokana na sehemu hiyo ya kujibebea. Mpeleke wakala wako bima ya chama aisome, kisha umwulize kwa mfano huohuo wa hesabu: "Nikitozwa 12,500, wewe utanilipa ngapi?"

Nikiwa bado kwenye fedha, nipite haraka. Benki inapopima kama unaweza kulipa rehani, ada ya chama inahesabiwa. Kwa riba ya asilimia 6.5 na mkopo wa miaka 30, dola 400 za ada kwa mwezi zinakula nafasi ya mkopo wa dola 63,000 hivi. Na mkopo una mwisho, ada haina. Kosa jingine la wageni: benki huwalipia wengi kodi na bima kutoka katika malipo ya rehani, wakadhani na ada imo. Kwa kawaida haimo. Unailipa mwenyewe, moja kwa moja kwa chama. Siku ya kufunga mauzo kuna pia ada ya kuhamisha umiliki na mchango wa kuingilia, ambao mara nyingi ni miezi miwili au mitatu ya ada. Ulizeni nani analipa. Na kwa nyumba unayokaa mwenyewe, ada haipunguzi kodi yako ya mapato. Ukiipangisha, inaingia kwenye gharama.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa ninyi wenye hasira za haki. Bwawa limefungwa miezi sita, meneja hapokei simu, mtu anasema: "Silipi mpaka watengeneze." Ndugu yangu, lipa. Mahakama kwa kawaida huona wajibu wa kulipa ada unasimama peke yake. Malalamiko yako yana njia yake nyingine. Ukigoma, chama kinaweza kuweka dai juu ya nyumba yako, na katika majimbo mengi kinaweza kuipeleka mnadani hata kama rehani hudaiwi hata mwezi mmoja. Texas inasifika kwa kulinda makazi ya mtu dhidi ya wadai, lakini Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka 1987 kwamba ulinzi huo hauzuii dai la chama, kwa sababu ulikubali masharti ya chama uliponunua. California chama hakiwezi kunadi mpaka ada zinazodaiwa, bila kuhesabu faini na gharama, zifike dola 1,800 au zipite miezi 12. Nevada, mama, ujue hili: miezi tisa ya ada ya chama inatangulia hata rehani ya benki. Mwaka 2014 mahakama ya juu ya jimbo ilithibitisha kwamba chama kikinadi kwa haki hiyo kwa kufuata sheria, rehani ya kwanza inaweza kufutika. Ndivyo dai hilo lilivyo na nguvu kule.

Mjomba wangu alihama jimbo, akaiacha nyumba yake kwa mpangaji. Barua za chama ziliendelea kwenda kwenye nyumba ileile. Mpangaji alizirundika kwenye droo, hakujua ni za nini. Ada ilikuwa imepanda, na malipo ya mjomba yaliyojiendesha yenyewe benki yakabaki kiwango cha zamani. Upungufu wa dola 540 uligeuka zaidi ya 4,000 kwa faini za kuchelewa na gharama za wakili wa chama. Aliposhtuka, tarehe ya mnada ilikuwa imeshawekwa. Aliikomboa nyumba kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa matibabu. Kila mnayeacha nyumba nyuma, siku mnayopakia lori andikieni chama anwani mpya, kwa barua yenye uthibitisho wa kupokelewa, na mwombe wawajibu kwamba wameibadilisha.

Nimeulizwa, kama muda ni mfupi na karatasi ni mia mbili, nisome nini kwanza? Mimi nasoma kumbukumbu za mikutano ya bodi za miaka miwili. Bajeti huandikwa ipendeze, kumbukumbu huandikwa mtu akiwa amechoka saa tatu usiku. Natafuta neno moja linalorudi. Machi: "paa la jengo C, mjumbe ataleta makadirio." Juni: "paa la jengo C, makadirio yamesogezwa." Oktoba: "paa la jengo C, bodi itajadili mwaka ujao." Hapo najua bili ipo njiani na inatafuta mnunuzi. Natafuta pia kesi mahakamani, na idadi ya wasiolipa; wakopeshaji wenyewe huwa wagumu kukopesha kondo ambayo zaidi ya asilimia 15 ya nyumba zake ziko nyuma kwa siku 60. Tozo ikiwa imeshapitishwa au inanukia, iandikeni kwenye mkataba kwamba muuzaji ndiye atakayeilipa. Ahadi ya mdomo ya muuzaji haina kazi siku hiyo.

Ulizeni na kanuni za kupangisha, na idadi ya watu na magari. Familia zetu zinapokea wageni, bibi anakuja kwa miezi mitatu, kijana ana gari la kazi lenye maandishi ubavuni. Yupo dada alinunua nyumba kwa nia ya kuipangisha baada ya mwaka, akakuta chama kimefikisha idadi ya nyumba zinazoruhusiwa kupangishwa, akawekwa kwenye foleni.

Nimekuja na bajeti tatu za kweli, nimefuta majina: moja ya kondo ya Florida, moja ya mtaa wa Texas, moja ya nyumba za safu za hapahapa Minnesota. Zipo nakala kwenye meza ya nyuma, karibu na chai. Wanaohama mwezi huu njooni mbele na karatasi mlizopewa na mawakala wenu, hata kama mmeshasaini, maana majimbo kadhaa yanampa mnunuzi siku chache za kujitoa baada ya kupokea hati za chama, na siku hizo zinahesabika kuanzia mlipozipokea. Mama wa Nevada, tuanze na wewe. Bahasha yako ina tarehe gani?